Ghorofa ya Isano na Ibere

Neno moja la Ekegusii, lugha ya huku Kisii, lilitugharimu siku kumi na tisa za kazi, mifuko sitini na minne ya kufunguliwa upya, na mchimbaji bora kuliko wote niliowahi kufanya kazi nao. Siku na mifuko nimehesabu mara mbili. Mchimbaji hakuhitaji kuhesabiwa, alikuwa mmoja tu.

Mliobaki kwenye stoo yetu ya mawe hapa mjini Kisii mliniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi. Nadhani mlitaka kujua nani aliweka sanduku gani wapi. Hayo yako kwenye orodha ukutani. Kuhusu vyeo sina la kusema. Nilipandishwa mara moja, na tofauti niliyoiona ni kwamba kiti changu kilipata magurudumu. Nitaandika juu ya kuhesabu mawe, na juu ya mara moja nilipohesabu vizuri kabisa nikakosea.

Mimi si wa huku, mnajua. Kwetu ni ziwani, na Kisii nilikuja na karai la samaki. Siku moja akaja mezani pangu mwanamke mwembamba mwenye kofia ya jua, akachagua ngege sita. Tukavutana bei mpaka muuzaji wa jirani akachoka kwa niaba yetu. Nikamfungia, kisha nikafungua kifurushi, nikahesabu tena. Walikuwa saba. Nikamtoa mmoja.

“Kumbe unahesabu hata baada ya kufunga?” akauliza.

“Hasa baada ya kufunga. Kabla ya kufunga kila mtu huhesabu.”

Akacheka. Huyo ndiye Daktari Mwende, mtafiti wa mambo ya kale. Akaniuliza kama ningependa kumhesabia mawe. Nikamuuliza, mawe ya nani? Akasema ni ya watu waliokufa zamani sana, kabla ya chuma, kabla ya jembe. Nikamwambia basi ni kazi nzuri, hao hawatarudi kulalamika.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ufuoni mwa ziwa, si mbali na kwetu, kwenye kilima kidogo ambacho sisi watoto tulikuwa tukikitelezea bila kujua kuwa ni takataka za jikoni za watu wa kale: makome, mifupa ya samaki, mawe. Daktari akaniwekea vipande viwili vya mawe kiganjani.

“Kimoja kimevunjwa na kwato ya ng’ombe, kingine na mkono wa mtu. Kipi ni kipi?”

Nilitaja, nikakosea. Akanionyesha kinundu kidogo chini ya mahali jiwe lilipopigwa, na mawimbi yanayoenea kutoka hapo kama ya maji ukitupa kokoto. “Ng’ombe hapigi mahali pale pale mara tatu,” akasema. “Mtu ndiye hurudia.” Nikaketi na ndoo ya vipande nikatenganisha vya ng’ombe na vya watu mpaka kucha zikalainika. Jioni akakagua, akarudisha vinne. Kesho yake viwili. Siku ya tatu hakurudisha kitu, nami nikahesabu tena kuhakikisha hakukosea yeye.

Alinifundisha pia imani ya kazi hii, na ni fupi: jiwe bila lebo ni kokoto. Hata liwe zuri namna gani, kama hujui limetoka shimo gani na kina gani, litupe barabarani, litasaidia penye matope.

Jambo moja tu lilimshinda kunifundisha, nalo ni namna ya kuwafukuza wagonjwa. Popote tulipopiga hema watu walisikia “Daktari amekuja,” na asubuhi kunakuwa na foleni ya watoto wenye kikohozi. Alikuwa akiwaonyesha mawe kwa upole. Mama mmoja alilitazama jiwe, akamtazama mwanawe, akauliza, “Analimeza zima ama unasaga?”

Kutoka ufuoni tulihamia Nyamarambe, ukingoni mwa mto Gucha. Mkulima mmoja alikuwa akichimba mashimo ya migomba akatoa vipande vyeusi vinavyong’aa kama kioo cha chupa. Jiwe hilo hakuna milima yetu inayolitoa. Mtu alilibeba kutoka mbali akaja akaketi juu ya mto ule kulipasua. Daktari alipoviona hakula chakula cha mchana, na huyo hakuwa mtu wa kuruka chakula.

Tulifunga kamba, shimo la mita moja kwa mita moja. Kwa kawaida unashuka sentimita kumi, unasimama, unafagia, unapima, unafunga mifuko ya kina hicho, ndipo unaendelea. Kila hatua vitabu vinaiita tabaka. Lakini kutoka Nyamarambe mpaka Tabaka, penye machimbo ya mawe laini ya kuchonga, si mbali. Daktari aliposema “Leteni mawe ya tabaka la pili,” jamaa mmoja akauliza kama nauli ya kwenda huko inalipwa. Baada ya vurugu za siku mbili tukakubaliana kusema ghorofa. Ghorofa ya kwanza juu, ya pili chini yake, na kuendelea. Lilikuwa jengo la pekee Nyamarambe linalojengwa kwenda chini.

Mkubwa wa shimo alikuwa Mzee Nyakundi. Maisha yake yote alikuwa amechimba visima, kutoka Kenyenya mpaka kule Ikonge kwenye majani chai, na alikuwa na mkono ambao sijauona tena. Alikuwa akigusa kitu kwa ncha ya mwiko wa mwashi na kujua kabla ya kukiona kama ni mzizi, kokoto au kazi ya mtu. Siku ya kwanza alinisalimu kwa kuniita “Baba.” Nikajiuliza, huyu mzee macho yake yanaona mawe tu? Nikamjibu, “Mimi ni mama.” Akasema, “Ndiyo, baba.” Ilichukua wiki nzima kugundua kwamba kwa Ekegusii baba ni mama. Hapo ndipo ningepaswa kuanza kujihadhari na masikio yangu. Sikujihadhari.

Ghorofa tano za kwanza zilikwenda vizuri kwa sababu Daktari mwenyewe alikuwa akisimama juu ya shimo akitaja namba kwa Kiswahili. Kisha akaitwa Nairobi kwa mkutano, akatuachia kazi. Nyakundi achimbe na kutaja, mimi nikae chini ya turubai niandike. Wengine walikuwa mtoni wakichekecha udongo na kuosha mawe.

Na mvua ikaanza. Ya Kisii mnaijua, haikosi miadi, chakula cha mchana kikishaliwa tu ishafika. Siku ya kwanza ilimomonyoa ukuta wa shimo upande wa juu, na udongo wa ghorofa za kwanza ukadondoka chini. Nyakundi akausafisha wote, akafagia, akateremka na mwiko wake. Mara nikamsikia:

“Baba! Andika! Ghorofa isano na emo!”

Isano naijua, ni tano. Emo ni moja. Nikasema moyoni, basi, udongo wa ghorofa ya kwanza ulioanguka umechanganyika na wa tano, na mzee ni mwaminifu anataja yote mawili. Nikaandika 5 na 1. Baada ya siku mbili ikawa isano na ibere, nikaandika 5 na 2. Kisha isano na isato, nikaandika 5 na 3. Mifuko sitini na minne, lebo safi, mwandiko wa kupendeza. Kila jioni nilihesabu mara mbili na hesabu ilikubali.

Daktari aliporudi alichungulia shimoni, akapima. Kina kilikuwa cha ghorofa nane. Akaja chini ya turubai akafungua rejista. Akaipekua kwenda mbele, akairudia nyuma.

“Ya sita iko wapi? Ya saba? Ya nane?”

Nikamwambia hazikutajwa. Akamwita Nyakundi, akaja akifuta mikono kwenye suruali.

“Mzee, mbona hukusimama ghorofa ya sita?”

“Nilisimama.”

“Na ya saba?”

“Yote nilisimama. Nikapima, nikataja. Uliza mama hapa, yeye ndiye anaandika.”

Daktari akanigeukia. Nakumbuka vizuri nilivyojibu, kwa sababu nilijibu kwa kiburi cha mtu ambaye hajawahi kupungukiwa na samaki hata mmoja.

“Sikusikia sita, sikusikia saba, sikusikia nane. Mimi huhesabu mara mbili, Daktari, unanijua.”

Akainua mfuko mmoja. “Mzee, huu umeandikwa tano na mbili. Ndivyo ulivyosema?”

“Ndivyo. Isano na ibere.”

“Una hakika?”

“Mimi sio mtoto. Nilisema hivyo.”

Basi. Alikuwa ameshuka ghorofa tatu bila kusimama, akazoa na udongo wa ukutani, na sasa ameshindwa hata kujitetea. Hivyo ndivyo ilivyoonekana mezani pale. Kwa mwenye shimo hakuna kosa kubwa kuliko hilo, maana ghorofa ukishaichimba imekwisha, huwezi kuirudisha ukaichimba upya. Daktari hakupandisha sauti. Alimwambia hatakuwa na kazi naye tena. Nyakundi akamtazama, akanitazama mimi kwa muda mrefu zaidi, akaosha mwiko wetu, akauweka juu ya meza, akaondoka. Kisha Daktari akanisomea maneno ya kuandika pembeni mwa ukurasa, nami nikayaandika: *Mifuko hii isitumike. Kosa la mchimbaji, Nyakundi.*

Tukaanza kupanga kulifukia shimo.

Siku ya kumi na tisa nilikuwa sokoni Nyamarambe natafuta ndizi. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye leso ya bluu, alikuwa akimpakilia mteja chane kwenye gunia, akihesabu kwa sauti. Emo, ibere, isato, inye, isano. Nikawa nangoja amalize. Isano na emo. Isano na ibere. Isano na isato. Kianda. Ikomi. Akafunga gunia.

Nikaacha kungoja zamu yangu.

“Mama,” nikamuuliza, “baada ya tano umehesabu nini?”

“Sita, saba, nane,” akasema, akinitazama kama nimeuliza jua huchomozea wapi. “Kwani nyinyi wa ziwani mkifika tano mnarudi nyumbani?”

Wanawake wote wakacheka, na walikuwa na haki. Kibaya zaidi, hata kwetu ni vilevile. Tano ni abich, mbili ni ariyo, na saba ni abiriyo. Wahenga wetu waliunganisha maneno mawili wakayameza kama mfupa wa samaki, na mimi nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote bila kulisikia. Lakini sikio langu lilikuwa la mfanyabiashara. Sokoni, chochote kinachokuja baada ya “na” ni nyongeza, na nyongeza mimi huiandika kando.

Ndizi nikaziacha. Nikarudi hemani, nikafungua mifuko yote iliyoandikwa 5 na 2, nikatandaza vipande juu ya turubai. Ungekuwa mchanganyiko kweli, baadhi vingelingana na vya ghorofa ya tano na vingine na vya pili. Nilijaribu kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichokubali. Lakini vyenyewe kwa vyenyewe vilikubaliana. Kulikuwa na jiwe jeusi kubwa kama ngumi, lile tunaloliita jiwe mama, ambalo vibanzi vilipasuliwa kutoka kwake. Nikachukua kibanzi nikakibandika ubavuni mwake, kikaingia tak, kama mfuniko. Kikaja cha pili. Mpaka saa kumi vibanzi kumi na kimoja vilikuwa vimerudi kwa mama yao. Mtu aliketi pale, kwenye ghorofa ya saba, akalipasua jiwe lake, akainuka akaenda zake, na vitu vikabaki alivyoviacha. Nyakundi alikuwa amevitoa vyote bila kuchanganya hata punje.

Nikamwita Daktari. Nikamhesabia kwa Ekegusii, emo mpaka ikomi, taratibu. Nilipofika isano na emo akavua kofia.

“Nani alimuuliza mzee maswali?” akauliza.

“Wewe.”

“Na nani alimjibia?”

“Mimi.”

“Basi twende sote wawili.”

Tulimkuta nyumbani kwake, mlima mmoja kutoka mtoni, akimkatia ng’ombe majani. Mkewe akatutolea viti, akaondoka bila kutusalimu sana. Daktari akaanza kueleza. Nyakundi akainua mkono.

“Hapana, Daktari. Baba ndiye aseme.”

Nikasema. Sikupamba. Nilimwambia alitaja sita, saba na nane, nami nikaandika vitu vingine, kisha nikaapa kwamba hakutaja.

Akaendelea kukata majani kidogo. “Siku hizi zote,” akasema, “nikienda sokoni wananiuliza, Nyakundi, umefukuzwa na mawe? Nilimwambia bibi yangu sijui kosa yangu. Akaniambia hakuna mtu hufukuzwa bure.” Akamsogezea ng’ombe majani. “Hiyo ndiyo iliniuma. Kazi, nitapata kisima nyingine.”

Nikamuuliza mbona hakutaja kwa Kiswahili, na sita na saba anazijua.

“Shimo unahesabu na lugha ya kwenu,” akasema. “Ukiwa chini kule, ukianza kutafuta maneno ya wenyewe unasahau umeshuka ngapi. Kwa kisima, ukisahau, unakufa.”

Daktari akamwomba arudi. Akakubali kwa sharti moja, na hapo nilijaribu kupunguza lakini alikuwa hapunguzi. Kesho yake asubuhi, mbele ya wachekechaji wote, niliteremka shimoni na gumbuti zangu za mpira, nikasimama kwenye sakafu ya ghorofa ya nane, nikazihesabu kutoka juu kwa kidole ukutani, kwa Ekegusii. Kwenye isano na isato nikateleza nikasema isano na isano. Juu wakaniambia hiyo ni kumi, nimeshapita maji. “Anza upya, baba,” akasema Nyakundi, na uso wake haukuwa na tabasamu hata kidogo. Nilianza upya. Mara ya pili ilinyooka, na mkewe, aliyekuwa amekuja na chai, ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Tangu hapo kila namba kwetu hutajwa kwa mdomo, ikaonyeshwa kwa vidole, na anayeandika hurudia kwa sauti kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wale mnaoona utaratibu huo ni wa kizee, sasa mnajua ulizaliwa wapi. Tulilichimba shimo lile mpaka ghorofa ya kumi na nne, Nyakundi akiwa mkubwa wake, na akaongoza mashimo mengine manne mpaka magoti yake yalipokataa ngazi. Lile jiwe mama na watoto wake ndilo mnalowaonyesha wageni kwanza, na ni haki.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu hasa.

Wiki yangu ya mwisho nilikabidhi rejista kwa Kemunto, binti anayeziingiza kwenye kompyuta. Nilikagua kurasa kwanza, kisha nikarudi kusoma maneno ya pembeni. Kwenye ukurasa wa Nyamarambe namba za mifuko zilikuwa zimesahihishwa, 6, 7, 8, kwa kalamu ya Daktari. Lakini maneno ya pembeni hakuna aliyeyagusa. Yapo. *Kosa la mchimbaji, Nyakundi.* Mwandiko ni wangu, na bado ni wa kupendeza. Tulimwomba radhi mtu kwa mdomo, tukamrudisha kazini, na kitabu tukakiacha kiendelee kumsema miaka yote hiyo.

Kemunto akaniuliza, “Mama, hii ya pembeni naiweka ama naiacha?”

Sheria mnaijua, na mimi ndiye niliyewafundisha wengi wenu: rejista haifutwi, haibandikwi karatasi, na anayenakili hunakili yote. Nikifuta, nimevunja sheria ili kujisafisha. Nikipiga mstari mmoja na kutia sahihi, jina lake bado litasomeka chini ya mstari, na wajukuu wake wawili wako chuo kikuu, mmoja anasomea mambo haya haya. Nikiyaacha na kuongeza maelezo chini, pembeni kuna nafasi ya maneno kama kumi na mawili, na mimi kwa maneno kumi na mawili sijawahi hata kuuza samaki.

Na kuna yeye mwenyewe. Anakuja stoo Ijumaa na mkewe kuliona jiwe mama katika kabati lake jipya la kioo. Hajui kuhusu maneno yale. Daktari, niliyempigia simu, anasema atatia sahihi chochote nitakachoandika, lakini niandike mimi.

Basi nishaurini, na msinionee haya kwa sababu nimestaafu. Niandike nini katika nafasi hiyo? Na je, niandike kwanza ndipo nimsomee Nyakundi, au nimsomee kwanza jinsi yalivyo, yeye ndiye achague maneno? Kemunto ameniambia kwa kasi yake ataufikia ukurasa huo Alhamisi. Nimemwomba aanze na masanduku ya ufuoni, ukurasa huo ungoje Ijumaa.